Ugali baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Swali: Ndugu zangu, nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na sasa nimeruhusiwa vyakula vya kawaida. Ugali, hata tonge mbili, hunikwama kifuani, na mama mkwe anadhani nadharau mapishi yake. Wenzangu mnakulaje?

Jibu: Pole, dada. Anza na kitoweo, yaani samaki, yai au maharage yaliyoiva sana, kisha mboga, na ugali uje mwisho, kwa kuwa tumbo dogo likijazwa wanga mwili hukosa protini na misuli hupungua. Tafuna hadi chakula kilainike kabisa, na usinywe maji pamoja na mlo. Subiri kama dakika 30. Mama mkwe mwombe akupakulie kwenye kisahani, naye ataelewa (wangu alielewa, ingawa kwa shingo upande).

Jibu: Naongeza kwamba vidonge vya vitamini, hasa B12, pamoja na madini ya chuma, ni vya maisha yote. Ukitapika mara kwa mara, mwone daktari upesi, kwani upungufu wa vitamini B1 hudhuru neva.

Muulizaji: Nashukuruni. Na dagaa je?

Jibu: Wanafaa sana, mradi wasikaangwe kwa mafuta mengi.