Nitarajie nini katika kozi ya kwanza ya elektroniki chuo kikuu?

Mwanafunzi Mtarajiwa:
Habari zenu wanajukwaa. Muhula ujao nitaanza kozi ya utangulizi wa elektroniki katika mwaka wangu wa kwanza wa uhandisi. Fizikia ya sekondari niliimudu na kanuni ya Ohm naifahamu, lakini sijawahi kushika oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya volteji kwenye skrini) wala kuunganisha saketi yoyote zaidi ya betri na taa. Ningependa kujua kozi hii hufuata mtiririko gani, inadai hisabati ya kiwango gani, na ni wapi wanafunzi wengi hukwama, ili niutumie vyema muda uliobaki.

Msimamizi wa Maabara:
Karibu sana, ndugu. Vyuo hutofautiana, lakini kwa kawaida utaanza na saketi za rezista (kipande kinachokinza mkondo), uendelee na kapasita (kinachohifadhi chaji) na koili (waya uliosokotwa), halafu dayodi (kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) na transista (kinachoudhibiti mkondo), na mwishoni opampu, yaani amplifaya (kikuza ishara) iliyokwisha kuundwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Wiki za mwanzo huonekana nyepesi kwa kuwa kanuni za Ohm na Kirchhoff wengi wamekwisha kuzisoma, na hapo ndipo wanapolegea. Usilegee, kwa sababu katika wiki hizo hufundishwa jambo linalobeba kozi nzima: namna sehemu moja ya saketi inavyoiathiri nyingine pindi zinapounganishwa.

Chukua rezista mbili za kiloomu 10 kila moja, uziunganishe kwa mfuatano kwenye chanzo cha volti 10. Katikati yake utapima volti 5. Sasa unganisha mzigo, yaani rezista nyingine inayovuta mkondo, wa kiloomu 10 kutoka hapo katikati hadi upande hasi wa chanzo, nawe utaona volti 5 zimeshuka hadi takriban 3.3, ingawa hukugusa chanzo wala zile rezista za awali. Nadharia ya Thevenin hukuruhusu kuihesabu saketi ile ya kwanza kuwa chanzo cha volti 5 chenye ukinzani wa ndani wa kiloomu 5, na ukishaiona hivyo jibu hupatikana kwa mstari mmoja. Anayeielewa hoja hii mapema hatashangaa baadaye atakapounganisha amplifaya mbili na kukuta ukuzaji umepungua kuliko alivyotarajia. Ataelewa pia kwa nini multimita (kipimo cha volteji, mkondo na ukinzani) yenye ukinzani wa megaomu 10 hutoa kipimo cha kupotosha katika saketi yenye rezista za megaomu kadhaa: kifaa cha kupimia nacho ni mzigo.

Mhitimu wa Uhandisi:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila kwa maoni yangu kikwazo kikubwa zaidi ni dayodi. Hadi kufika hapo, volteji ikiongezeka maradufu, mkondo nao huongezeka maradufu. Dayodi haifuati utaratibu huo: katika joto la kawaida la chumba, kila nyongeza ya takriban milivolti 60 inaweza kuuzidisha mkondo wake mara kumi. Mhadhiri atakuambia uchukulie kwamba dayodi ya silikoni inayopitisha mkondo ina volti 0.7, na wanafunzi wengi huona kwamba wamefichwa ukweli. Hawakufichwa. Ukiwa na chanzo cha volti 5 na rezista ya kiloomu 1, makadirio hayo yanakupa mkondo wa miliampea 4.3; ikiwa dayodi kwa kweli ina volti 0.65, mkondo ni miliampea 4.35. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 1, ilhali rezista nyingi za kawaida huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5. Kujua ni lini makadirio yanatosha ndicho kipawa ambacho kozi hii hukikuza, na mtihani hukipima hata pale swali lisipokitaja.

Kuhusu hisabati, noa aljebra na milinganyo sambamba kwanza. Kalkulasi itahitajika kidogo kwenye kapasita na koili, na namba changamani zitakuja na mkondo geu.

Mwanafunzi Mtarajiwa:
Nawashukuru sana. Je, kuna zoezi ninaloweza kulifanya sasa bila oskiloskopu?

Fundi wa Vipimo:
Lipo, na linafaa kuliko kukariri fomula. Tafuta betri ya volti 9, multimita, rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 inayostahimili angalau volti 16. Kapasita za aina hiyo kwa kawaida zina upande chanya na hasi, kwa hiyo usizigeuze. Unganisha betri, rezista na kapasita kwa mfuatano, huku ukipima volteji ya kapasita kila baada ya sekunde 5. Kwa hesabu, baada ya sekunde 10 inapaswa kufikia asilimia 63 ya volteji ya betri, yaani takriban volti 5.7; kipimo chako kikitofautiana kidogo, kumbuka kwamba kapasita hizi huweza kupotoka kwa asilimia 20 kutoka thamani iliyoandikwa. Chora grafu kwa mkono, kisha uandike kwa sentensi kamili kwa nini mkunjo wake hupungua kasi kadiri kapasita inavyojaa, kwa kuwa ripoti za maabara zitakudai maelezo ya namna hiyo.

Utakapofika kwenye oskiloskopu, uliza kwanza kuhusu klipu ya ardhi. Katika oskiloskopu nyingi za mezani klipu hiyo imeungana na ardhi ya umeme wa jengo, hivyo ukiibana mahali popote pasipo ardhi katika saketi ambayo nayo imeunganishwa na ardhi, unaweza kusababisha shoti na kuunguza vifaa.