Naomba ushauri: Mzee wangu hajakubali kwamba Nduli Idi Amin alifia kitandani

Zabibu Kavu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, Chang'ombe, naishi na baba yangu. Alipigana Vita vya Kagera, akavuka Kyaka, akawa Lukaya, ndani ya Uganda, walikokutana na Walibya wa Gaddafi waliokuja kumsaidia Amin, mpaka Kampala Aprili 1979. Sasa goti limekataa, lakini kumbukumbu iko sawa kuliko yangu.

Jirani yetu amerudi Hija, akatuletea tende na kidumu cha zamzam. Mzee akapokea, akashukuru vizuri tu, halafu akauliza: "Ulipopita Jeddah, kaburi la Nduli uliliona?" Alhaji wa watu akabaki na kidumu mkononi.

Shida yenyewe hii. Shule ya binti yangu imemwomba azungumze na watoto Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Hotuba ameiandika kwenye daftari la mjukuu, na nusu nzima inasema Amin alipaswa kunyongwa hadharani, na sisi tulimwachia. Mwalimu ameiona, kaniomba nimwambie mzee apunguze makali. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Amin kafa Agosti 2003 hospitalini, hakupanda kizimbani hata siku moja. Lakini Saddam alinyongwa na Iraq haikupoa. Nimwambie nini? Na tafadhali, msiniambie "mwache mzee". Nimemwacha tangu nina akili.

Mtera Samaki
Mfikishie shikamoo yangu kwanza. Mzee yuko sahihi, anadai deni. Mtu kaua Waganda mpaka hesabu haijulikani, katuvamia, kavunja daraja letu, halafu anakula pensheni ya ugenini zaidi ya miaka 20? Hizi habari za "ukimuua atageuka shujaa" husemwa na watu ambao hawajazika.

Mama Nzuguni
Huyo mwalimu naye! Alialika mwanajeshi akitegemea ngonjera?

Bahi Road
Mleta uzi, Saddam umemtaja nusunusu. Novemba 2006 alihukumiwa kwa kesi moja tu, ya Dujail, watu 148 waliouawa baada ya msafara wake kushambuliwa pale mwaka 1982. Kesi kubwa, ya Anfal, ya Wakurdi waliouawa kwa maelfu, ilikuwa bado inasikilizwa. Tarehe 30 Desemba alfajiri wakamnyonga, siku ya Idi ya kuchinja kwa Wasunni wa kule. Wakurdi wakabaki na faili ambalo mshtakiwa wake mkuu yuko kaburini, na mashtaka dhidi yake yakafutwa.

Halafu ile video ya simu. Kitanzi kiko shingoni, waliomzunguka wanamzomea na kulitaja jina la Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia. Hata waliomchukia wakajikuta wanaona mwenye utulivu mle ndani ni yeye. Kiswahili chetu kina neno moja, shahidi, kwa anayetoa ushahidi na kwa anayekufa kwa imani yake. Ukikimbilia kamba kabla hujawamaliza wale wa kwanza, unamvisha muuaji cheo cha wale wa pili.

Kalenga Asilia
Wajerumani walikipeleka kichwa cha Mkwawa kwao wakidhani jina litaisha. Kikarudi Kalenga 1954, na jina hakuna asiyelijua. Maiti haizuiliki kuongea.

Mtera Samaki
Kalenga, usimweke Mkwawa kwenye sentensi moja na Nduli. Ukirudia namwita modereta.

Kalenga Asilia
Nazungumzia kichwa, sijazungumzia tabia 😂

Mgogo Halisi
Mwaka uleule 1979, tarehe 29 Septemba, Guinea ya Ikweta walimpiga risasi Macías Nguema, dikteta aliyekuwa rais wao. Inasimuliwa kwamba walioshika bunduki walikuwa askari wa Morocco, maana wa nyumbani waliogopa mzimu wake. Aliyempindua ni Obiang, wa ukoo wake mwenyewe, na mpaka leo ndiye rais. Kwa hiyo mzee asidhani wenzetu walilala usingizi. Kilichobadilika pale ni picha ya ukutani.

Mama Nzuguni
Na Ceauşescu wa Romania je? Krismasi ya 1989, kesi ya kama saa moja, yeye na mkewe ukutani. Mwaka 2010 wakafukua makaburi kupima kama ni wao kweli. Haraka haraka ile.

Wa kunifurahisha mimi ni Habré, aliyekuwa rais wa Chad. Aliowatesa walihangaika naye miaka na miaka, mpaka Mei 2016 mahakama pale Dakar ikamfunga maisha. Yeye alikaa na kilemba na miwani ya jua, hasemi neno, huku wanawake wanasimama mbele yake na kueleza alichowafanyia. Akafa mfungwa 2021. Sijaona mtu akibeba picha yake.

Mtera Samaki
Fidia lakini wameingojea mpaka wengine wakafa. Ila hapo kwa wale wanawake umenigusa kidogo.

Bahi Road
Zabibu, acha kumpunguza makali. Muulize swali moja tu: Amin angeletwa kizimbani, wewe ungesimama kusema nini? Halafu nyamaza.

Zabibu Kavu
Wakuu, mrejesho. Nimemuuliza jana baada ya chakula. Mwanzo alifoka, ati mahakama gani, ungekuwepo Lukaya usingeuliza. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Akakaa muda mrefu anachezea kifuniko cha chupa ya chai. Kisha akasema, "Lete lile daftari."

Hakufuta ya kunyongwa, hiyo ipo palepale. Ila kabla yake ameniamuru niandike majina manne ya wenzake, na kijiji cha kila mmoja. La tatu nimeliandika mara mbili, kwanza niliweka r, akasema kwao wanaandika l, na mama yake anaweza kuwa bado hai.