Naomba ushauri: mti wenye kiota cha tai unakatwa Jumatatu

Fundi_Dagoretti: Wadau, hamjambo. Tuko kikundi cha watu saba pembeni mwa msitu wa Ngong Road. Kila Jumamosi tunachunguza viota vya tai na mwewe: nani amelalia, ameleta nini, saa ngapi. Sasa kuna mkaratusi ndani ya ploti moja, juu pana kiota cha tai mwenye kishungi, kipana kama kitanda cha mtoto. Mwenye ploti anataka kujenga, mti unakatwa Jumatatu. Nimweleze nani? Siku mbili sijalala.

Mama_Wambo: Pole mwanangu. Hao ndio walininyakulia paka, na bado namlilia. Lakini kiumbe cha Mungu hakiuawi hivyo.

Otis254: Mama, paka wako alisafiri kwa ndege. Wengi wetu bado.

Mpenda_Ndege: Piga ripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuna sheria ya wanyamapori ya 2013. Utafiti uliotoka 2022 ulipima aina 22 za ndege wawindaji hapa Kenya, 19 zimepungua. Lakini umejuaje ni Jumatatu? Nani anakata?

Fundi_Dagoretti: Kuna jamaa amepewa kazi.

Mpenda_Ndege: Jamaa gani?

Fundi_Dagoretti: Haya, ni mimi. Pawa soo, msumeno wa injini, ni yangu. Nilichukua deposti ya 15,000 na yote imeenda kwa karo. Matawi ya chini nimeshayatoa. Msinirukie, nisipokata mimi atakuja mwingine asiyejua hata tai ni nini. Mimi angalau nitawateremsha watoto polepole. Wako wawili, nimewaona kwa macho yangu.

Mzee_wa_Kajiado: Kwetu kulikuwa na tai wa mizoga, mpaka mtu aliyeliwa ng'ombe na simba akapaka Furadan, sumu ya wadudu, kwenye mzoga. Simba hakuja. Asubuhi nilikuta tai wamelala wameuzunguka, mabawa wazi, kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Siku hizi ng'ombe akifa ananuka wiki nzima, na mbwa koko ndio wenye boma. Ushauri sina.

Mchunguzi: Ngojeni kwanza. Tai huyu hutaga hata mayai mawili, lakini kifaranga mkubwa humuua mdogo siku za mwanzo. Hawalei wawili. Mtu wa kikundi hajui hilo? Hii ni stori ya kutungwa. Kabla ya saa mbili usiku mtaona namba ya M-Pesa.

Otis254: Na mimi nilikuwa nishaandaa mia.

Fundi_Dagoretti: Nimeomba senti ya nani? Darubini ni ya kikundi, kioo kimoja kina ufa. Niliona vichwa viwili, kimoja cheupe, kingine cheusi.

Mpenda_Ndege: Cheupe ndiye mtoto. Cheusi ni mzazi. Basi kiota kina kifaranga mmoja, na huyo hukaa humo siku kama 110 ndipo aruke, kisha bado hulishwa miezi kibao. Hateremshwi, fundi. Mwenye ploti amekuonyesha kibali cha kukata mti?

Fundi_Dagoretti: Sijamwuliza. Amepiga simu mara mbili tangu nianze kuandika hapa. Nataka nimrudishie pesa yake tuachane. Kuna anayeweza kunikopesha hiyo 15,000 hadi mwisho wa mwezi?

Mchunguzi: Saa moja na dakika arobaini.