Mrejesho: gari la mkononi lisilokula hela

Wakuu, niliomba ushauri wa gari la mkononi (lililokwisha tumika) la gharama ndogo. Nimechukua Toyota Vitz yenye injini ya 1KR-FE: silinda tatu, plagi tatu, na cheni badala ya mkanda wa taimingi.

Ukaguzi uliosaidia zaidi ni kuiwasha ikiwa imepoa kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi kesho. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokata, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake). Kutetemeka kidogo ikiunguruma imesimama ni kawaida ya silinda tatu. Ikitikisa dashibodi, kagua injini maunti (raba zinazoshikilia injini). Gia boksi ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua), kwa hiyo usiweke ATF ya kawaida (oili ya gia boksi nyingine za otomatiki): mkanda huo wa ndani unaweza kuteleza.