Gredi ya 5: wanazungumza nje, darasani kimya

MwalimuKisauni
Hamjambo walimu wenzangu. Nafunza Kiswahili Gredi ya 5 huku Kisauni, Mombasa, watoto zaidi ya sitini darasani. Kwenye mtaala, kusikiliza na kuzungumza ndiko hutangulia, na ndicho kipindi kinachonisumbua. Wakati wa mapumziko watoto hawa wanabishana mpira na kusimuliana mambo bila kuchoka. Nikimsimamisha mmoja mbele atueleze habari za sokoni, anatazama vidole vya miguu. Nikiwasomea taarifa, wa nyuma wanachorachora madaftari. Mwenzangu mmoja aniambia nipite haraka nikafunze sarufi, kwa kuwa KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, haimsikilizi mtoto akizungumza. Sikubaliani naye hata kidogo. Nyinyi mwafanyaje?

BiMstaafu_MjiWaKale
Usikubali, mwanangu. Nimefunza shule za msingi mpaka nikastaafu, na hili bado laniuma.

Mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenziwe sitini hazungumzi na mtu, anakaguliwa. Waweke wawili wawili, na mmoja awe na jambo ambalo mwenziwe hana. Mimi nilikuwa nikimpa mmoja mchoro wa njia: soko la Kongowea, Daraja la Nyali, Buxton, Posta, hadi feri ya Likoni. Mwenziwe ana karatasi tupu na penseli. Wanapeana migongo, huyu aeleze, yule achore. Asipouliza, hachori kitu. Hapo ndipo utasikia, "Ngoja, nikishavuka daraja nakata wapi?" na yule wa kwanza atafute maneno mengine ya kumwelewesha. Mtoto asiyefungua mdomo mwaka mzima ataufungua, kwa sababu karatasi yake inamdai.

Kusikiliza nako, toa kazi kabla hujasoma. Ukisoma taarifa ya hali ya bahari, waambie: "Nyinyi ni wavuvi. Kesho mtatoka au hamtoki?" Ukisoma mara ya pili, watafute sababu. Sikio lisilotumwa halileti kitu.

Tena ukiuliza swali, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu, na waliposubiri sekunde 3 au zaidi wanafunzi walitoa majibu marefu zaidi. Sekunde 3 ni ndefu ukiwa umesimama pale mbele! Zivumilie.

Na mtoto wa Mvita akisema "mato" (macho) au "mtele" (mchele), tafadhali usimkate. Ameeleweka. Andika pembeni, mwisho wa kipindi uwaonyeshe wote neno sanifu bila kumtaja mtu. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alitunga kwa Kimvita hichohicho, lahaja ya hapa. Mtoto akichekwa kwa lugha ya nyumbani kwao, hutamsikia tena.

Changamwe_G4
Naunga mkono. Kwa matamshi, mimi hutumia vitate: fua na vua, thamani na samani. Wanafumba macho, nafunika mdomo kwa daftari, natamka moja. Neno la kwanza mkono wa kulia, la pili wa kushoto. Macho yakifumbwa hakuna wa kumwiga jirani, nami naona mara moja nani sauti zinamchanganya.

MwalimuKisauni
Ahsanteni sana, na wewe Bi hasa. Mchoro wa njia naanza nao Jumatatu. Ila sitini wakizungumza pamoja, darasa la pili litalalamika. Na alama nitawapaje wote?

BiMstaafu_MjiWaKale
Nusu watoe nje kivulini, nusu wabaki, na kila jozi ipewe muda mfupi, kisha wabadilishane. Kelele za kazi mweleze jirani yako mapema, ataelewa. Alama usiwape wote siku moja. Chagua watano au sita kila kipindi, zunguka na kidaftari, sikiliza kama anauliza asipoelewa na kama anamwacha mwenziwe amalize. Wasijue leo ni zamu ya nani.