Jinja: zaidi ya Daraja la Kwanza kwenye PLE, shule ya msingi ya serikali hupimwa kwa nini?

MamaWawili

Habari zenu. Tunahamia Jinja, Uganda, kutoka Mwanza. Watoto wataanza Februari, wa kiume P2 (darasa la pili) na binti P5. Karibu na nyumba tuliyopata kuna shule tatu za UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote), zote za kwenda kwa miguu. Kila ninayemuuliza ananitajia idadi ya Daraja la Kwanza kwenye PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya mwaka jana: moja 19, ya pili 6, ya tatu 2. Basi, anaishia hapo. Nitapita huko siku tatu katikati ya Oktoba, shule zikiwa wazi. Niangalie nini, na jibu zuri linafananaje?

ChakiNyeupe

Karibu Jinja, dada. Hiyo 19 usiishangilie bado. Ni kiasi kisicho na asili, na hata mtoto wa P4 anajua sehemu haiandikwi hivyo. Kama shule ya 19 ilitahini watoto 160, hao ni asilimia 12. Kama ile ya 6 ilitahini 38, hao ni karibu asilimia 16, na tayari picha imegeuka.

PLE ina masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii yaliyounganishwa na Dini. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9. Ukijumlisha yote manne, 4 hadi 12 ni Daraja la Kwanza, 13 hadi 23 la Pili, 24 hadi 29 la Tatu, 30 hadi 34 la Nne, na anayebaki huandikiwa U, yaani amekosa daraja. Omba karatasi nzima ya matokeo kwa miaka mitatu, siyo bango lenye picha za washindi pale getini. Kisha anza kuisoma kutoka mkiani. Shule yenye Daraja la Kwanza 6 na U mbili inafundisha darasa zima. Yenye Daraja la Kwanza 19 na U 25 inafundisha safu ya mbele.

Halafu uliza waliotahiniwa walitoka wapi. Kuna shule zinazozuia wadhaifu wasivuke P6 ingawa utaratibu wa UPE ni mtoto apande darasa kila mwaka. Nyingine huwasajili wadhaifu kwenye kituo cha UNEB (baraza la mitihani) cha shule jirani, mkia ukahesabiwa kwa wengine. Nyingine hupokea watoto wakali mwanzoni mwa P7, wakakaa bweni mwaka mmoja tu, na matokeo yao yakaandikwa kwa jina la shule iliyowafundisha miezi tisa. Swali la kuumbua yote haya ni moja: "P4 mlikuwa wangapi miaka mitatu iliyopita, na P7 wa leo ni wangapi?" Usilinganishe na P1. P1 ya shule za UPE imevimba kwa sababu haina chekechea ya serikali, hivyo watoto wa miaka minne na mitano huletwa humo, na wengi hurudia.

Kipimo ninachokiamini mimi ni P3. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 ni Kiingereza kitupu. Mtoto anayefika P4 hajui kusoma hana wa kumsubiri, maana mwalimu wa P4 ana silabasi yake ya kumaliza. P3 isiposoma, hizo 19 zimetokana na masomo ya ziada ya kulipia, siyo ya darasani.

Jinsi ya kupima: mwombe mwalimu mkuu watoto watano wa P3, uwachague mwenyewe, wawili wa mbele na watatu wa nyuma. Wale wa Uwezo wanaopima watoto majumbani hupanda ngazi kwa ngazi: herufi, neno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha P2, halafu maswali mawili ya kuona kama mtoto ameelewa. Fanya hivyo hivyo. Usitumie kitabu cha darasa lao, kwa kuwa wameshakikariri. Utamwona mtoto "anasoma" macho yakiwa dirishani. Funika picha kwa kiganja. Watatu kati ya watano wakisoma hadithi na kujibu, hapo pana walimu. Wote watano wakikwama kwenye silabi, usipoteze siku ya pili.

Mwalimu mkuu akikataa hana kosa, hakujui. Waendee majirani wenye watoto pale, uombe daftari la Hesabu la muhula wa pili. Muhula una wiki kama 12, na Hesabu hufundishwa kila siku. Ukikuta mazoezi 40 yenye tarehe, yamesahihishwa, kazi imefanyika. Yakiwa chini ya 20, uliza siku nyingine zilikwenda wapi. Tazama pia aina ya usahihishaji. Tiki moja ndefu iliyopita juu ya ukurasa mzima ni ya mwalimu aliyekuwa na haraka, na mara nyingi chini yake utaona jibu lisilo sahihi limepewa vema. Daftari zuri lina makosa, na chini ya kila kosa masahihisho kwa mwandiko wa mtoto. Chukua matatu: la mtoto hodari, la wa kati, la yule anayekaa nyuma. Yakifanana neno kwa neno hadi makosa, wamenakili ubaoni.

Baba_Bugembe

Mwalimu ameeleza vizuri, ila tusiipuuze sana PLE. Binti wa P5 amebakiza miaka mitatu tu kumaliza msingi, na sekondari huchagua kwa jumla ya alama zake, siyo kwa alivyosoma hadithi P3. Kwa mdogo, nendeni na P3. Kwa mkubwa ningetaka kuona shule inafikisha wangapi kwenye jumla ya 18 kushuka chini, siyo 12. Hapo ndipo wanapoangukia watoto wa kawaida waliofundishwa vizuri. Na alama za Kiingereza na Hesabu ziangaliwe peke yake. Shule nyingi hubebwa na Sayansi na Maarifa ya Jamii, masomo ambayo mtoto anaweza kuyakariri.

MjumbeKamati

Mimi niongezee upande wa usimamizi.

Mwalimu aliyeko shuleni na mwalimu aliyeko darasani ni watu wawili. Kitabu cha kufikia pale ofisini kitakuonyesha wote wamesaini kabla ya saa mbili. Pita barazani saa tatu asubuhi, uhesabu madarasa yenye mtu mzima anayefundisha. Rudia saa nane mchana, huo ndio wakati shule hulegea. Madarasa 7 kati ya 10 yakiwa na mwalimu mchana, ni shule yenye mwalimu mkuu anayetembea. Na kabla ya kulaumu, uliza kama kuna nyumba za walimu. Pasipo nyumba, mwalimu anatoka mbali kwa boda, na siku ya mvua anafika saa nne.

Pesa. Ruzuku ya UPE ilikaa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka muda mrefu, baadaye ikapandishwa. Piga hesabu kwa 20,000: shule ya watoto 900 inapata milioni 18 kwa mwaka, yaani milioni 6 kwa muhula. Ndani yake chaki, karatasi za mitihani, michezo, ukarabati mdogo. Kiasi kilichoingia kinapaswa kubandikwa ubaoni. Huo si urembo. Uchunguzi wa miaka ya tisini ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 ni kama asilimia 13 tu ya ruzuku iliyofika shuleni. Ndipo serikali ikaanza kutangaza viwango magazetini na kwenye mbao za shule. Ubao ukiwa na tangazo la muhula huu, kamati ya usimamizi inakutana. Ukiwa na la miaka miwili nyuma, kamati ni majina tu. Ukiwa mtupu, uliza kwa upole, usikilize namna unavyojibiwa.

Chakula: Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi jukumu hilo, kwa hiyo shule ya UPE kukuomba mchango wa posho (unga wa ugali) na maharagwe si wizi. Wizi ni pale usipopewa risiti, au kiasi kisipoonekana kwenye kumbukumbu za mkutano wa wazazi. Na mtoto hafukuzwi darasani kwa ajili ya mchango. Kilo moja ya unga inatosha watoto sita hivi, kwa hiyo watoto 300 humaliza gunia la kilo 50 kwa siku. Muombe mtunza stoo akufungulie mlango. Ukikuta magunia mawili Jumatatu, unajua Alhamisi kutakuwa na nini.

Viboko vimekatazwa, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanasema wazi. Ukiona fimbo juu ya meza ya mwalimu, imejieleza.

MamaWawili

Asanteni sana, nimenakili yote. Ile shule ya 6 nimefanikiwa kuwapigia. Wana wanafunzi 912, walimu 15 pamoja na mwalimu mkuu, matundu ya choo 14. Je, ni mbaya sana? Na hili la lugha, Mwalimu, limenishtua. Watoto wangu wamesoma kwa Kiswahili.

ChakiNyeupe

912 kwa 15 ni 61 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu mkuu mara nyingi hana vipindi, kwa hiyo gawa kwa 14, unapata 65. Kiwango ambacho serikali inalenga ni watoto 53. Wamezidi, lakini si ajabu kwa shule ya mjini. Hatari ni kwamba wastani unaficha mgawanyo. Shule hupenda kumpa P7 mwalimu hodari na watoto 50, huku P1 na P2 wakijazana 130 kwa mwalimu mmoja. Kijana wako anaingia P2, hivyo uliza idadi ya P2 peke yake na kama ina mikondo miwili. Darasa la watoto 80 wenye walimu wawili wanaopokezana linavumilika. Uliza pia kama katika hao 15 wapo wanaolipwa na wazazi. Hao huondoka michango ikikwama, kwa kawaida muhula wa tatu.

Choo: kiwango ni tundu moja kwa watoto 40, hivyo watoto 912 wanahitaji 23. Wana 14, na bado hujaondoa ya walimu, yaliyojaa na yaliyofungwa kwa kufuli. Binti wa P5 anakaribia kuvunja ungo. Kagua kama vyoo vya wasichana viko mbali na vya wavulana, vina komeo kwa ndani, na kama kuna chumba cha kuogea chenye maji. Tangi lipo karibu kila shule. Fungua bomba lake uone. Tangi la lita 10,000 lisilo na mfereji kwenye paa ni pambo.

Lugha sasa. Kwa P2, uliza wanatumia ipi: Lusoga, Luganda, au wamekwenda moja kwa moja kwenye Kiingereza, kama shule nyingi za mjini zenye watoto wa makabila mchanganyiko. Ikiwa Lusoga, usiogope. Vokali ni zile zile tano, na silabi nyingi ni zile zile. Mfundishe tu kwamba "c" yao ni "ch" yetu, na kwamba vokali ndefu huandikwa mara mbili na hubadilisha maana. Atasoma kwa sauti ndani ya wiki chache. Kuelewa kutachukua muhula mzima au zaidi, na hapo mwalimu asimwite mzito.

Kwa binti kazi ni kubwa zaidi. P5 kila kitu ni Kiingereza. Tena Maarifa ya Jamii yamepangwa kama ngazi: P4 wilaya yetu, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 bara la Afrika, na PLE inauliza kote. Akiingia P5 ameikosa P4 nzima. Nunua kitabu cha P4 cha Maarifa ya Jamii na cha Sayansi, avipitie likizo ya Desemba. Mpe jaribio moja: aandike sentensi tano za Kiingereza kuhusu safari ya kutoka Mwanza, bila msaada. Akishindwa, mwanzishe P4, na usione aibu. Kurudi darasa moja sasa ni nafuu kuliko kuduwaa P7. Kiswahili, ingawa baraza la mawaziri liliamua 2022 kiwe cha lazima shuleni, hakimo kwenye PLE, kwa hiyo umahiri wake huo hautamwongezea alama.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa: jina liandikwe kwa herufi zile zile kwenye cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho na rejista ya shule. Usajili wa UNEB ukifika P7, kurekebisha "y" iliyogeuka "i" ni safari za ofisini.

MjumbeKamati

Nyongeza kuhusu ratiba yako ya siku tatu. Ijumaa na siku za mwisho wa mwezi ziache, walimu wanafuata mshahara benki na utaionea shule bure. Katikati ya Oktoba P7 wako kwenye maandalizi ya mwisho na walimu wazuri wamekusanyika huko, hivyo simama zaidi kwenye milango ya P2 na P4. Nenda shule mbili Jumanne, ya tatu Jumatano asubuhi. Mchana wa Jumatano rudi bila miadi kwenye ile iliyokupendeza zaidi.