Ushauri: Mzee wangu kauza mbao Mufindi, anataka kupanda meli akaone pengwini. Nimzuieje?

Mwana_Mafinga
Wakuu salaam. Usingizi umekuwa wa mang'amung'amu wiki nzima, mniwie radhi kama maelezo hayatakaa sawa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ana miaka 69, anaishi Mufindi. Mama alishatangulia mbele za haki. Juzijuzi mzee amevuna mipaini yake, ile aliyoipanda sisi tukiwa shule ya msingi, akauza, ikapatikana pesa ya maana. Sisi wanawe tukawa tunasubiri atuite kikao. Badala ya kikao akanionyesha karatasi: ameshalipia malipo ya awali ya safari ya meli.

Na si meli ya Zanzibar. Anapanda ndege hadi Argentina, mji unaitwa Ushuaia, kule mwisho kabisa wa Amerika Kusini. Hapo anaingia kwenye meli ndogo, wanapita Visiwa vya Falkland, halafu kisiwa cha South Georgia, halafu wanagusa Antaktika na kurudi. Karibu wiki tatu majini, kuangalia pengwini, sili na ndege.

Swali langu ni moja tu. Mzee wa umri huo namzuiaje kwa heshima asiende kufia kwenye baridi? Naomba busara, sio matusi.

Kipara_wa_Ipogolo
Kamwene mnyalukolo. Mtu wa Mufindi unamwogopea baridi? Mtu anayeamka Julai anakuta barafu juu ya majani ya chai? Huyo akifika huko atavua sweta.

Nikuambie kitu. Baba yangu mdogo alipopata kiinua mgongo alitaka kwenda Kigoma kumwona rafiki yake waliyekuwa naye JKT. Kaka zake wakamkatalia, reli itakuchosha, subiri upone miguu. Hela ikaishia kwenye mabati ya shangazi na ada za wajukuu, wala hazikumaliza muhula. Rafiki akafa, na yeye akafuata mwaka uleule. Shangazi hadi leo mvua ikipiga yale mabati anatoka nje. Mwache mzee aende.

MamaNeema_Uyole
Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi. Hilo neno halina umri wa kukoma, kaka yangu.

Ila nimesoma mara mbili. Umeandika mlikuwa mnasubiri awaite kikao. Kikao cha nini?

Fundi_Makambako
Kama shida ni pengwini, mbona wako hapahapa Afrika? Panda basi Tunduma, pita Zambia, shuka mpaka Cape Town. Kuna ufukwe wa Boulders, Simon's Town, pengwini wanatembea kwenye mchanga karibu na nyumba za watu. Nimefanya kazi ya ujenzi kule, tulikuwa tunawasikia wanalia kama punda. Mzee anaona, anapiga picha, anarudi na chenji.

Baharia_Nchi_Kavu
Nimekula chumvi ya bahari muda mrefu kabla sijahamia Mbeya kulima parachichi, na hayo maji nimeyapita. Nikujibu ulichouliza, maana naona hakuna anayekijibu.

Umri si tatizo. Kwenye meli hizo wazee ndio wengi, kwa sababu ndio wenye pesa na muda. Kampuni inadai fomu ya daktari na bima inayolipia kuokolewa, na hapo hawana mzaha. South Georgia haina uwanja wa ndege. Mtu akizidiwa, meli inageuza kurudi Falkland, kama kilomita 1,400, siku mbili au zaidi. Daktari yumo melini lakini si hospitali. Kwa hiyo uliza presha ya mzee, uliza moyo, uliza magoti. Magoti hasa! Kushuka ni kwa ngazi hadi kwenye boti ya mpira huku mawimbi yanainua na kushusha, halafu unaruka ukiwa na buti za mpira, maji yako kwenye muundi.

Baridi si ya kutisha. Wanaenda wakati wa kiangazi cha kule, Novemba hadi Machi, inacheza juu kidogo ya sifuri. Kinachoumiza ni upepo na kichefuchefu. Kati ya Amerika Kusini na Antaktika hakuna nchi ya kuzuia pepo za magharibi, zinazunguka dunia nzima bila kugonga kitu. Mtu aliyetapika kwenye meli ya Itungi pale Ziwa Nyasa ajiandae.

Na usimlinganishe na Boulders, fundi. Pengwini wa Boulders ni wadogo na wanapungua vibaya, kuwaona ni jambo jema. Lakini South Georgia, ghuba moja tu ya St Andrews ina pengwini mfalme wapatao jozi 150,000. Unasikia kelele na harufu kabla hujatia nanga.

Mwana_Mafinga
Asante Baharia, angalau wewe umeongea kitaalamu. Presha anayo kidogo, anameza dawa. Magoti yako sawa, anapanda vilima vya shambani kunishinda.

MamaNeema, kikao cha kawaida cha familia. Mzee akipata kitu huwa anawaita watoto.

MamaNeema_Uyole
Huwa anawaita awagawie?

Mwana_Mafinga
Huwa anatuambia mipango yake.

Kijana_wa_Soweto_Mbeya
Kwa hiyo mpango wake kakuambia. Uzi ufungwe.

MamaNeema_Uyole
Bado. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya pengwini. Kaka, hiyo pesa uliipangia nini?

Mwana_Mafinga
Sawa, naona mnataka kunivua nguo hadharani.

Kuna Fuso Makambako, jamaa anaiuza kwa bei nzuri. Nimeshatoa kishika uchumba, hela yangu mwenyewe na nyingine ya kukopa. Salio nilitegemea mzee aniongezee. Sio kwamba ningekula peke yangu! Gari lingebeba mbao za familia, lingebeba viazi vya dada yangu Njombe, mzee angepata mgawo kila mwezi mpaka anakufa. Safari akirudi ina nini? Picha. Mniambie nani ana akili kati yetu.

Kipara_wa_Ipogolo
Mzee alikuahidi?

Mwana_Mafinga
Nilimweleza. Akasema "tutaona".

Kipara_wa_Ipogolo
Mzee wa Kihehe akisema tutaona, ameshaona.

Lori_ni_Mali
Mimi niko upande wa mleta mada, nipigeni mawe. Safari kama hiyo inazidi dola elfu kumi kwa kitanda kimoja, bado nauli ya ndege. Pesa iliyotoka kwenye ardhi ya ukoo inaenda kwa kampuni ya wazungu, hata kijana mmoja wa Mafinga hapati kazi. Kama ni utalii tuna Ruaha, tuna Kitulo, maua yake watu wanatoka Ulaya kuja kuyaona. Umoja wa familia ni kitu cha kulindwa. Nina Fuso mbili, zimesomesha watoto watano. Ya kwanza niliinunua injini imekufa, tukaifungua na fundi wa Mwanjelwa...

Mwana_Mafinga
Ahsante Lori. Hoja ya Ruaha na Kitulo nilimpa. Akajibu Ruaha amepeleka wanafunzi karibu kila mwaka, na Kitulo amelala kwenye hema kabla hata haijawa hifadhi mwaka 2005. Akaniuliza mimi nimefika lini. Nikanyamaza.

Baharia_Nchi_Kavu
Nina swali la kiutendaji. Mtanzania anahitaji viza ya Argentina, na bila hiyo hata ndege ya kwanza hapandi. Ameshaomba? Maana hiyo haiombwi wiki ya mwisho.

Mwana_Mafinga
Hapo ndipo penye ugumu. Pasipoti ninayo mimi. Alinipa nimfanyie maombi kwa sababu mtandao Iringa mjini uko vizuri kuliko kijijini.

Baharia_Nchi_Kavu
Na umeomba?

Mwana_Mafinga
Nimeihifadhi kwanza. Sijaificha, nimeihifadhi. Nilitaka tupate muda wa kuongea kama familia kabla mambo hayajafika mbali. Mtoto mkubwa ana wajibu wa kumlinda mzazi.

MamaNeema_Uyole
Mungu wangu. Huombi ushauri wa kumzuia, umeshamzuia.

Kijana_wa_Soweto_Mbeya
Uzi umegeuka kesi.

Mchunguzi_Huru
Wakuu mnapigwa chai na mnaongeza sukari. Tuangalie kwa utulivu. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Mwalimu mstaafu wa Mufindi anajuaje habari za Ushuaia? South Georgia gani, Georgia si jimbo la Marekani? Pia nimechungulia mtandaoni, eti kisiwani huruhusiwi kushuka mpaka wakukague soksi! Meli gani ya starehe inakagua soksi za mteja aliyelipa mamilioni? Huyu anatafuta namba za watu awatapeli, au kuna kampuni inajitangaza kijanja. Mods angalieni.

Lori_ni_Mali
Hata mimi nilianza kusita kwenye soksi.

Mwana_Mafinga
Mchunguzi, sijamwomba mtu hata mia. Akaunti nimefungua kwa sababu ile ya zamani ndugu zangu wanaijua.

Mzee anajuaje? Amefundisha somo hilo maisha yake yote. Nilipoenda kumwona ili nimshawishi, alitoa daftari akanichorea. Anasema kisiwa kiko nyuzi 54 kusini. Maji ya baridi ya Antaktika yanakutana na maji yenye joto kidogo ya kaskazini, chakula kinapanda kutoka chini, uduvi wanajaa, na karibu kila mnyama anaishi kwa huo uduvi au kwa anayekula uduvi. Akaniambia kuna ndege, albatrosi, mbawa zake zikikunjuliwa zinapita mita 3, anaweza kukaa miaka baharini bila kutua nchi kavu. Alikuwa anaongea kama yuko darasani.

Na hiyo habari ya kukagua nguo ni kweli, iko kwenye karatasi walizomtumia. Buti zisafishwe, mifuko ifyonzwe vumbi, mbegu zitolewe kwenye soksi. Mwanzo hata mimi nilidhani ni utapeli, nikamwambia. Akanijibu, "Mimi napanda msonobari, najua mbegu moja inafika wapi."

Baharia_Nchi_Kavu
Huyu hadanganyi. Jina la kisiwa alilitoa Kapteni Cook mwaka 1775, kwa heshima ya mfalme wa Uingereza wa wakati huo, George wa Tatu, na hadi leo kiko chini ya Uingereza. Taarifa za Cook ndizo zilizoleta wawinda sili, na meli zao zikaleta panya. Panya wakala mayai na vifaranga kwa zaidi ya karne moja. Ilibidi helikopta zimwage chambo cha sumu misimu kadhaa, na mwaka 2018 kikatangazwa hakina panya tena. Wanorwe walileta hata paa wa kaskazini (reindeer) kwa ajili ya nyama, nao wakaondolewa. Baada ya kazi hiyo, unafikiri watakuacha ushuke na tope la Sao Hill kwenye buti? Tulikuwa tunapiga soksi brashi hadi usiku, na mkaguzi anakurudisha kwa nyasi moja.

Ndiyo maana meli ndogo. Watu wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu sehemu moja kwa wakati mmoja ni 100. Meli ikiwa kubwa unakaa juu kusubiri zamu mpaka siku inaisha. Na pengwini unamwachia mita tano. Yeye akikufuata, hiyo ni hiari yake.

Kingine mwambie mzee mapema: mafua ya ndege yalifika huko mwaka 2023, kwa hiyo baadhi ya fukwe zinaweza kufungwa. Asije akakasirika.

Mchunguzi_Huru
Nimekuelewa Baharia. Ila bado nauliza, kwa nini huko? Dunia ni kubwa.

Mwana_Mafinga
Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema kuna mahali panaitwa Grytviken, kiwanda cha nyangumi kilichoanzishwa 1904 na kufungwa mwaka 1966. Kisiwa kizima walichinja nyangumi zaidi ya 170,000, mpaka wakakosa wa kuchinja. Sasa mitambo imebaki kutu, sili wanalala kati ya matangi, na nyangumi wameanza kurudi. Anataka kuwaona waliorudi. Amekuwa akiwafundisha watoto habari za kuisha kwao.

Mimi sikuwa na la kusema hapo. Nikachukua basi nikarudi Iringa.

MamaNeema_Uyole
Na pasipoti ukarudi nayo.

Mwana_Mafinga
Ndiyo.

Kipara_wa_Ipogolo
Hela ni yake, miti aliipanda yeye, palizi alipiga yeye. Mna mikono, pandeni yenu. Peleka pasipoti.

Lori_ni_Mali
Mimi bado nasema angewashirikisha watoto. Lakini kukalia pasipoti ya mzazi, hapana. Hapo siko na wewe.

Baharia_Nchi_Kavu
Asome kwanza masharti ya kughairi. Mara nyingi salio linadaiwa miezi kadhaa kabla ya safari, na asipoondoka kwa kukosa viza, malipo ya awali hayarudi. Utakuwa umezamisha pesa ya mzee na Fuso hupati. Safari ni lini?

Mwana_Mafinga
Januari.

Baharia_Nchi_Kavu
Basi muda upo, ila si wa kulala nao. Barua ya kampuni, taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi. Njoo pembeni nikutumie orodha. Na dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kuanza kuyumba, ikishaanza haisaidii sana.

Mwana_Mafinga
Nimekuandikia. Msimamo wangu kuhusu gari uko palepale, lile gari lingetusaidia wote na sitabadili neno. Ila maombi ya viza nayajaza leo usiku, na Jumapili napanda Mafinga, akasaini mwenyewe. Baharia, kama hutajali, nitampa namba yako, ana maswali ya magoti na ngazi ambayo mimi siyawezi.

Kilichobaki ni jamaa wa Makambako. Anasema kishika uchumba hakirudi.

Fundi_Makambako
Fuso ya rangi gani? Iko pale karibu na mzani?

Mwana_Mafinga
Bluu, bodi la mbao. Iko hapohapo.

Fundi_Makambako
Naijua, na mwenyewe namjua. Shemeji yangu anatafuta gari. Akikubali kuchukua nafasi yako, anakurudishia ulichotoa na anamalizana na jamaa mwenyewe. Injini umeipeleka kwa fundi?

Lori_ni_Mali
Kabla ya yote aangalie difu.